Pambizo Nililolikata

Niliingia katika kazi ya ramani kwa mlango wa jikoni. Nalisema hilo mwanzo ili asije mtu akadhani najifanya msomi. Niliishia darasa la saba pale Mwabungo, na ofisi yetu ya matembezi kule Diani iliniajiri nichemshe chai, nifagie, na niwakaribishe wageni waliotoka mahotelini kutaka kutembea bara kwa miguu. Kuwapangia safari kulikuja baadaye. Mpaka naondoka mwezi uliopita sikuwa na hakika kama kazi hiyo nilipewa kwa kuwa niliiweza, au kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikaa ofisini kutwa.

Ninyi mliobaki na meza mmeniambia niandike. Mnasema ramani zote sasa zimo ndani ya simu, na hamjui zilivyoingia humo. Basi nitaandika kama ninavyokumbuka. Nikipotoka, yupo Nassoro anayewaongozea misafara, mwulizeni. Yeye anakumbuka kuliko mimi, hasa makosa yangu.

Siku ya kwanza niliharibu kitu kabla ya saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa na meza ndefu iliyotandazwa karatasi kubwa za ramani, zile za zamani za serikali, ambazo sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita nzima ardhini. Mwenye meza alikuwa Bwana Kitsao, Mgiriama aliyehamia Kombani, ambaye ujana wake aliumaliza katika kazi ya kuchora ramani. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, na hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Nilimpelekea chai nikaitua mbele yake.

"Bi Mwanamisi," akasema bila kuinua kichwa, "umekitua kikombe juu ya Msambweni. Kuna watu wanaishi hapo."

Nikakiondoa mbio, lakini kilikuwa kimeshaacha duara. Duara lile lilikaa kwenye ramani miaka yote. Zaidi ya mgeni mmoja aliniuliza kama ni ziwa.

Wiki ya pili au ya tatu nilipata ujasiri wa kumwuliza juu ya ile mistari ya rangi ya udongo iliyojizungusha kila mahali. Nilidhani ni njia za ng'ombe, nikamwambia hivyo.

"Njia za ng'ombe," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ni ng'ombe gani huyo anayezunguka kilima mara kumi asifike juu? Hebu lete karai. Lete na kifuu cha nazi na kipande cha kaa."

Akakipindua kifuu katikati ya karai, akakikandamiza kwa kidole kisielee, akaniambia nitie maji kidogo na nisubiri yatulie. Pale maji yalipogusa kifuu akachora mstari kwa kaa. Nikaongeza kikombe cha maji, akachora mwingine. Tulipofika juu alimwaga maji yote akaniinamisha nikitazame kifuu kutoka juu. Mistari ilikuwa imekizunguka, mmoja ndani ya mwingine. Upande ulioinuka wima ilibanana, upande uliolala iliachana.

"Hizo ndizo kontua," akasema. "Kila mstari ni mahali maji yangesimama. Kwenye karatasi zetu hizi, kutoka mstari hadi mstari ni mita ishirini za kupanda. Ikibanana, mgeni wako atahema. Ikiachana, atapiga soga."

Huo ndio msingi wote wa kazi yangu, na mengine ni nyongeza. Nimewaona vijana wa chuo wakifundishwa jambo hilo hilo siku mbili, kwa mashine ya kuonyesha picha ukutani. Sisemi ni vibaya, huenda wamejifunza mengi kuliko mimi. Nasema tu karai lilichukua dakika kumi.

Toka hapo nilikuwa nikimaliza vyombo nakwenda kusimama mezani. Bwana Kitsao hakuniita mwanafunzi, wala hakunifukuza. Alinifundisha kwamba mgeni wa hoteli hutembea kilomita tatu kwa saa, na jua likipanda hesabu mbili. Kila mistari mitano ya kupanda, ongeza robo saa, na kama kuna mgeni anayepiga picha maua, ongeza robo saa nyingine. Alinifundisha kutafuta mto kwa kuangalia kontua zinapopinda kama kiwiko cha mkono. Na alikuwa na sharti moja ambalo viongozi wote walilijua: kabla ya kuvuka mto wowote, bisha hodi nyumba ya mwisho uwaulize wenyewe. Ramani ni ya siku iliyochorwa, alikuwa akisema, na mto ni wa leo.

Karatasi zilichakaa kama nguo. Ile ya upande wa Kikoneni ilikatika penye mikunjo, na kijiji kimoja kikamezwa na mkunjo kabisa. Tulijua kipo kwa sababu Nassoro alikuwa na shangazi yake huko. Nilipoagiza mpya niliambiwa zimekwisha, nisubiri. Nilisubiri miaka miwili. Wakati huo Bwana Kitsao alikuwa akiisogeza ramani karibu mpaka inamgusa pua, na siku moja alikunja miwani yake, akaniambia macho yamestaafu kabla yake, naye anayafuata. Akarudi Kombani.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa na mchapakazi. Aliitazama ile meza tupu, akanitazama mimi na sinia.

"Mama, si ukae tu hapo?" akasema. "Wewe ndio unajua hizi vitu."

Nikakaa. Siku nzima ya kwanza sikugusa kitu.

Ramani za bure nilizipata saiba, duka la kompyuta za kukodi kwa saa, pale Ukunda, kwa bahati zaidi kuliko akili. Nilikuwa nimekwenda kupiga chapa barua ya ofisi. Dada mwenye saiba, mtu wa bara aliyeongea haraka kama anayefukuzwa, aliniuliza mbona nimekaa tu na saa yangu ya kompyuta haijaisha. Nikamwambia natafuta ramani ya Kikoneni iliyokatika penye mkunjo.

"Si uiulize?" akasema, akinionyesha pa kuandika.

Niliandika Kikoneni, nikaletewa nyumba za kupanga na habari za mbunge. Tukajaribu mpaka nikakumbuka kwamba kila karatasi ya ramani ina namba yake juu kwenye pembe. Nikaandika namba. Ikaja. Karatasi yangu ile ile, nzima, bila mikunjo wala duara la chai, imepigwa picha na maktaba ya chuo kimoja ng'ambo na kuwekwa mtu yeyote aichukue. Nilitokwa na machozi, nikamwambia yule dada ni mwanga wa kioo. Basi shikeni hilo: tafuteni kwa namba ya karatasi, msitafute kwa jina. Majina yetu waliyaandika kwa masikio ya kigeni, na hata mkazi wa hapo hawezi kuyatambua.

Baadaye nilizijua na nyingine. Iko ile inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, ambayo hata wewe waweza kuongeza njia ya kwenu. Ni nzuri penye barabara na hoteli, lakini wakati ule ukipita Msambweni kwenda bara ilikuwa nyeupe kama shuka, barabara moja kuu basi. Na ziko zile za vimo vilivyopimwa na setilaiti. Kompyuta ikikuchorea kontua kutokana na vimo hivyo, utaona kila kilima mpaka mpaka wa Tanzania. Nilizipenda mno. Ndizo zilizonitia aibu ya kwanza.

Niliona kilima kwenye kontua hizo, upande wa bara ya Msambweni, kilima kidogo chenye mistari iliyobanana pande zote. Kwenye karatasi ya zamani hakikuwepo, nikasema wazee walikisahau. Nikawaandikia wageni kwamba siku ya pili watapanda kilima chenye mandhari nzuri. Nassoro aliwapeleka. Jioni alirudi, akasimama mlangoni.

"Dada Mwanamisi, kile kilima chako tumekikuta hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Labda kimekwenda Kombani sokoni. Tumekuta msitu, miti mirefu, chini tambarare kama mkeka. Wageni wameuliza mandhari iko wapi, nikawaambia wainue vichwa."

Kumbe setilaiti ilikuwa imepima vilele vya miti ikidhani ni ardhi. Ukingo wa msitu ukawa genge, mteremko wima, na msitu mzima ukawa kilima. Ofisi nzima ilinicheka mwezi mzima, na kila aliyepotewa na kitu, hata kalamu, aliambiwa imekwenda Kombani. Nami nilicheka. Sasa nikiitazama ile ramani silicheki tena hilo. Sehemu ya ule msitu imekatwa, ni mashamba ya mihogo, lakini kwenye kontua za setilaiti miti bado imesimama na kilima chake. Wakati mwingine naifungua kwa ajili hiyo tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kama wale ng'ombe.

Simu za kupangusa zilipoenea, Bwana Mutiso alitaka viongozi wote wabebe ramani mkononi. Nilifurahi. Nilizichukua zile karatasi za zamani kutoka mtandaoni nikaziingiza kwenye simu zao kabla hawajatoka Ukunda, kwa maana bara mtandao hauna adabu. Lakini mafaili yalikuwa mazito. Simu za wakati ule zilikuwa ndogo, zikizifungua zinaganda. Nikatafuta la kupunguza. Kila karatasi ina pambizo kubwa pembeni na chini, lenye maandishi madogo na vijimichoro visivyo na mto wala njia. Nikayakata yote. Ramani zikawa nyepesi, zikafunguka mara moja. Bwana Mutiso alinisifu mbele ya watu. Mahali palipohitaji uhakika, kama kivuko cha mto, nilikuwa nikisoma namba zake za mahali kwenye karatasi na kumtilia kiongozi nukta nyekundu kwenye simu, aifuate.

Safari kadhaa zilikwenda salama. Leo najua kwa nini. Nukta zangu za mwanzo zilikuwa za masoko na vilele, na ukilikosa soko kwa mita mia tatu, pua itakufikisha.

Ndipo wakaja wageni sita, wote wamepita miaka sitini, kiongozi wao mama wa Kijerumani aliyekuwa mwalimu. Walilala Kikoneni, na siku ya pili Nassoro awavushe Mto Ramisi kwa miguu, gari liwachukue ng'ambo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Nilisoma kivuko kwenye karatasi, nikatia nukta.

Saa tisa alasiri simu ikalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba Nassoro. Mmevuka?"

"Tumefika kwenye nukta yako. Mto upo, kivuko sikioni."

"Kitakuwepo hapo hapo."

"Hapa kuna ukingo mrefu kuliko mimi, na maji yananguruma. Kivuko ninachosikia habari zake kina mawe mapana. Nirudi nyumba ya mwisho niulize?"

"Ni mbali?"

"Nusu saa kurudi. Tuliipita bila kubisha, wageni walikuwa wamechelewa."

Bwana Mutiso alikuwa amesimama mlangoni akinionyesha saa ya mkononi. Gari lilikuwa limeshafika ng'ambo, na hoteli ilikuwa imeuliza mara mbili. Nikaitazama nukta yangu kwenye kompyuta. Ilikuwa imekaa juu ya mto vizuri sana.

"Nassoro," nikasema, "nimeisoma mara mbili. Ramani ile imechorwa kabla hujazaliwa, haikosi mto. Shukeni taratibu hapo hapo."

"Haya. Wewe ndiye mwenye ramani."

Yule mama mwalimu aliteleza ukingoni. Alivunjika kifundo cha mkono, akaingia majini, na maji yakamchukua hatua kadhaa mpaka Nassoro alipomdaka kwa mkanda wa mfuko wake. Aliokoka, alhamdulillahi. Walimbeba mpaka ile nyumba ya mwisho, na mwanamke wa nyumba alipoambiwa walikotaka kuvukia alishika kichwa.

"Hapo ni kilindini," aliwaambia. "Kivuko kiko juu, penye mkwaju. Watoto wetu wanapita kila siku kwenda shule. Nani aliyewatuma kilindini?"

Nassoro alinisimulia hayo kwa simu, kwa maneno hayo hayo, wala hakuongeza lake.

Hoteli ilitaka kujua ni kosa la nani. Bwana Mutiso akamwita Nassoro, naye akasema alifuata nukta. Kisha akaniita mimi.

"Mama, hiyo nukta ulimpa ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," nikasema. "Labda aliipita kidogo."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Sikusema uongo kwa kujua, lakini nilisema jambo nisilolijua, nalo lilitosha. Nassoro alivuliwa beji. Ikaandikwa barua ya kupelekwa hotelini Ijumaa, kwamba kiongozi aliiacha njia aliyopangiwa na amefukuzwa kazi. Barua kama hiyo ikifika hoteli moja ya Diani, zote zimeisoma. Alikuwa ameongoza wageni miaka kumi na moja, hana kazi nyingine aijuayo, na mkewe alikuwa na mimba ya tatu.

Kuna jambo la haki nataka liandikwe hapa, msije mkadhani namtetea kwa upofu. Nassoro alivunja sharti, hakubisha hodi. Na Bwana Mutiso alikuwa akisukumwa na hoteli, hakutusukuma kwa ubaya. Lakini Nassoro alipotaka kurudi kuuliza, aliyemkataza ni mimi.

Siku tatu sikulala vizuri. Ile sauti ya "mawe mapana" haikuniacha. Mtu ambaye simu yake inamwonyesha amesimama kwenye nukta hajaipita. Alhamisi nikaichapisha ile ramani kwenye karatasi nikaenda Kombani kwa Bwana Kitsao. Alikuwa ameketi chumbani na redio, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia, nikamweleza yote.

"Nisomee maandishi yaliyo chini ya ramani," akasema.

"Chini hakuna kitu."

"Vipi hakuna kitu?"

"Nilikata pambizo. Faili lilikuwa zito."

Akaizima redio. "Umeikata ramani ulimi, kisha unaishangaa haisemi."

Halafu akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Kila ramani huanzia kuhesabu mahali fulani. Hizi za zamani zina mwanzo wao, na setilaiti inayoongoza simu ina mwanzo wake. Ni kama mafundi wawili wanaopima ukuta mmoja, huyu ameanzia mlangoni, yule ameanzia uani. Wote watakuambia "hatua kumi", na kila mmoja atasimama mahali pake. Mwanzo wa ramani umeandikwa kwenye pambizo, kwa herufi ndogo. Kwenye simu nako kuna mahali pa kuchagua mwanzo huo kabla ya kutia namba. Usipochagua, nukta inahama. Na kwenye picha ya karatasi niliyokuwa nikiitazama kompyutani, ambayo niliilaza mwenyewe kwa mwanzo usio wake, kila kitu kilihama pamoja na nukta, ndiyo maana ilionekana imekaa juu ya mto vizuri.

"Inahama kiasi gani?"

"Kwetu huku, mita mia tatu na ushee."

"Mbona hukunifundisha, Bwana Kitsao?"

"Enzi ya karatasi na macho hakukuwa na haja," akasema. Akaongeza, "Na sikudhani kama kuna mtu angekata pambizo."

Ijumaa asubuhi nilimkuta Bwana Mutiso na barua mezani, haijatiwa kwenye bahasha. Nikamwambia. Nilikuwa na karatasi mbili, moja na pambizo na moja bila, nikamwonyesha kwa rula. Aliziangalia zote mbili.

"Mama, hawa watu wa hoteli wameshanyamaza," akasema. "Unataka niwaamshe?"

"Ndiyo."

"Nikitoa jina lake, naweka lako. Hiyo unaelewa?"

"Naelewa."

"Nassoro bado kijana. Atapata kazi ingine."

"Kwa barua hiyo?"

Akaisoma tena barua yake mwenyewe, midomo ikimcheza. Mwisho aliichana mara mbili. Ile aliyoandika badala yake ilisema ofisi ilitoa nukta isiyo sahihi, na kwamba ofisi ilimharakisha kiongozi. Hilo la pili sikumwomba aliandike. Alikuwa na uwezo wa kuliacha.

Nassoro akarudishiwa beji. Mimi nikarudishwa jikoni. Nilikubali, ilikuwa haki. Chai yangu ilikuwa imeharibika kwa kukaa mbali na jiko, na hakuna aliyelalamika, jambo lililoniuma zaidi. Nassoro alipoingia asubuhi aliwaamkia wote waliomzidi umri, mpaka mfagizi aliyekuja juzi. Mimi aliniruka. Sikumlaumu. Mtu akikuambia maji yananguruma, nawe ukamjibu kwa ramani, hana sababu ya kukuheshimu.

Miezi sita ikapita. Waliojaribu kukaa mezani hawakudumu, nikarudishwa, na safari ya kwanza kuletwa mbele yangu ikawa ile ile ya Kikoneni. Nikamwambia Bwana Mutiso sitaigusa mpaka nimekwenda kukiona kivuko kwa macho.

"Kwa miguu yako hiyo?" akauliza Nassoro aliyekuwa akisikiliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu arudishiwe beji.

"Kwa miguu yangu hii."

Tulikwenda wakati wa kiangazi. Alinipeleka kwanza kilindini, kwenye nukta yangu, akaniacha nitazame. Kisha akaanza kupanda na mto akihesabu hatua kwa sauti, mimi nyuma nahema. Penye mkwaju alisimama.

"Mia tano na kumi na mbili," akasema.

Mawe yalikuwa mapana kweli. Nikapima kivuko kwa simu pale pale nilipokanyaga, kisha tukabisha hodi kwa yule mwanamke, nikamwomba ruhusa nikiandike kwenye ile ramani ya watu wa kujitolea, ili mwingine asije akapotea.

"Andikeni," akasema. "Lakini andikeni na kwamba masika hakivukiki. Nyinyi watu wa simu hupenda kuandika mazuri peke yake."

Nikaandika vyote viwili. Nendeni mkaangalie, bado vipo.

Siku moja kabla ya wageni kuondoka, Nassoro alikuja mezani, akaiweka simu yake mbele yangu.

"Nitilie njia."

"Njia unayo," nikasema. "Umeitembea, na kivuko umenionyesha wewe."

"Ninayo. Nimeshaiangalia mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nataka nione kama na wewe umeiangalia."

Nikaanza kuisoma kwenye kompyuta yangu, kivuko kwa kivuko, kontua kwa kontua. Yeye akavuta kiti, akafuatisha kwa kidole kwenye simu yake. Mahali pawili hatukulingana. Pa kwanza nilikosea mimi, pa pili alikosea yeye, tukapasahihisha. Safari iliyofuata akaja tena na simu yake, na iliyofuata, mpaka viongozi wengine nao wakaanza kuja na viti.

Ndivyo mlivyoikuta ofisi. Mliambiwa njia husomwa na watu wawili ndipo itoke, mkadhani ni sheria ya kampuni, na nimesikia mmoja wenu akisema ni usumbufu. Hakuna aliyeitunga. Ilikuwa tu Nassoro hajarudi kuniamini, nami nilimwona ana haki.